Saa ya mtumba ya bei mbaya: lini ifunguliwe, lini iachwe

Tanga saa nzuri huingia kwa njia nyingi. Mjomba katoka Maskati na Omega mkononi, mzee aliyekuwa baharia kaacha Rolex kwenye mtoto wa meza, kijana kanunua TAG Heuer iliyotumika Dubai akarudi nayo. Ikishafika, swali ni lile lile: iende kwa fundi ikafanyiwe sevisi, au ivaliwe tu? Barazani majibu hayakosekani, ila mengi hayana mashiko.

“Inatembea, basi ni nzima.”

Hili ndilo linalowaponza wengi. Saa ya mashine, ile isiyotumia betri, haisimami eti kwa sababu oili imekauka. Inaendelea na safari, ncha za vyuma vyembamba zikisagika kidogo kidogo, na siku itakayosimama bili itakuwa ya vipuri, si ya kusafisha na kutia oili tena. Kwa hiyo kutembea si hoja. Tazama inatembeaje.

Itie ufunguo mpaka ijae, iweke mezani, linganisha na saa ya simu, halafu hesabu inadumu muda gani. Rolex nyingi za miaka ya tisini zenye mashine namba 3135 hudumu kama saa 48. Mashine mpya, 3235, hufika kama 70. Ikiwa yako ya saa 48 imejazwa vizuri jioni na asubuhi imezima, kuna kitu ndani kimechoka. Lakini hakikisha umeijaza kweli. Wapo wanaolalamika saa ya otomatiki inazima usiku, kumbe mchana kutwa wamekaa ofisini mkono haujatikisika.

Siku ya pili ilaze chali usiku kucha, ya tatu isimamishe kwa ubavu. Kupoteza au kuzidisha sekunde kumi kwa siku, kila siku zile zile, kwa saa ya zamani si ugonjwa. Kipimo cha COSC, taasisi ya Uswisi inayothibitisha usahihi wa saa, chenyewe kinairuhusu mashine mpya ichelewe sekunde 4 au izidi 6 kwa siku, na tofauti ndogo kama hiyo fundi huirekebisha bila kuivunja mashine yote. Kinachotisha ni kuyumba: leo imezidi tano, kesho imechelewa arobaini, ukiilaza inakwenda hivi na ukiisimamisha inakwenda vingine kabisa.

Fundi mwenye kifaa cha kusikiliza mapigo atakupa jibu kwa dakika chache. Muulize nyuzi. Lile gurudumu dogo linalocheza huku na huku, saa ikiwa imejaa na imelala chali, kwa mashine nyingi za kisasa hugeuka nyuzi 270 hadi 310 hivi. Likiwa chini ya 200, usibishane naye, ifunguliwe.

“Miaka mitano imepita, lazima sevisi.”

Rolex wenyewe wanasema takriban miaka kumi, kutegemea mtu anavyoivaa. Omega wanasema mitano hadi minane. Hayo ni mapendekezo, hayana nguvu ya sheria. Saa iliyovuka muda huo lakini inashika majira na inajaa vizuri, mimi ningeipima kila mwaka na kuiacha iendelee. Ila tarehe ya sevisi iwe ya karatasi. Neno la muuzaji, “ilifanyiwa juzi tu,” halina thamani hata kama anaapa.

“Imeandikwa mita 100, mimi naogelea nayo Raskazone.”

Hapa watu wa pwani tunatofautiana na wa Arusha. Namba ile ilipimwa kiwandani saa ikiwa mpya. Kinachozuia maji ni vipete vya mpira: chini ya mfuniko wa nyuma, kwenye kioo, na kwenye ufunguo wa pembeni. Mpira hukauka, hukakamaa, hupasuka, na mji wetu wa joto, jasho na chumvi hauuonei huruma. Saa ya miaka kumi na tano ambayo mipira yake haijabadilishwa, ichukulie kama haizuii maji hata kidogo, iandikwe mita 100 au 300. Ile ya mita 30 hata ikiwa mpya ni ya kunawia mikono.

Ndiyo maana kwa saa inayokuja kuishi Tanga, mimi naanza na mipira, oili baadaye. Kuna mashine inayopima kwa msukumo wa hewa, saa haiguswi na tone la maji, na mpira wenyewe si kitu cha kumfilisi mtu. Jicho lako pia linatosha kwa mengi. Fungua ufunguo wa pembeni uangalie shingo yake: ukiona unga mweupe wa chumvi au wekundu wa kutu, usingoje kipimo. Na ukitoka kwenye joto ukaingia chumba chenye kiyoyozi, kioo kikafanya ukungu kwa ndani, maji yamo tayari. Ukungu kuondoka wenyewe si kupona. Unyevu umekwenda kukaa kwenye vyuma.

Kuifukia kwenye mchele hakusaidii. Mchele upo nje, maji yapo ndani, na katikati kuna chuma. Kama yaliyoingia ni ya bahari, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi haichukui muda kuanza kula.

“Inazidi dakika kumi kwa siku, hii imekufa.”

Pengine imeshika sumaku tu. Spika, kava la simu lenye sumaku, kifungo cha mkoba, vyote vinaweza. Isogeze karibu na dira ya kawaida. Sindano ikiyumba sana, umepata dalili. Kuitoa sumaku ni kazi ya sekunde chache, na aliyekutajia sevisi nzima kabla ya kujaribu hilo, tafuta mwingine.

“Haijavaliwa, ipo kwenye boksi lake, haihitaji chochote.” Oili na mpira huzeeka hata kabatini.

“Saa ya betri haina sevisi.” Inayo, ila kwa nadra. Mshale wa sekunde ukiruka nne nne, kwa saa nyingi ni ishara tu kwamba betri inaisha. Hatari ni betri iliyokufa ikaachwa humo: huvuja na kuharibu mashine.

“Sevisi nzuri ni ile inayoirudisha ikiwaka kama mpya.”

Hapa hela hupotea kimya kimya. Kung'arisha hula chuma, kingo zinalegea, na wanunuzi wa saa za zamani huziangalia kingo kwanza. Vivyo hivyo nukta za uso zisizong'aa tena gizani. Kama chini ya uso imeandikwa T SWISS T, zilitiwa tritiamu, kitu cha mionzi kinachozifanya zing'ae gizani, ambacho hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Kufifia ni umri, si hitilafu. Mwambie fundi kwa maandishi: usisugue, usibadilishe uso wala mishale, vipuri vya zamani nirudishie.

Mafundi wa Ngamiani hapa Tanga kwa betri, mkanda na kioo sina shaka nao. Kuivua mashine ya Uswisi mpaka skrubu ya mwisho ni kazi nyingine, maana Rolex hawamuuzii vipuri kila fundi, na sevisi yao ni mamia ya dola. Fedha hizo zitoe kwenye bei unapopatana, muuzaji akikosa karatasi. Akikataa saa ifunguliwe mfuniko mbele ya fundi kabla hujalipa, mrudishie saa yake.