Nyumba elfu moja, shule moja: itafundisha kwa lugha gani?

Kazi yangu ni kuhesabu watoto ambao hawajazaliwa. Ndivyo ninavyowajibu ndugu zangu wa Dar wanapouliza mtu wa mipango miji anafanya nini hasa huku Dublin. Kampuni ikiomba kibali cha kujenga nyumba 1,000 pembezoni mwa mji, sisi tunatakiwa kusema ni watoto wangapi watahitaji shule pale, na kuanzia mwaka gani.

Hesabu ya mwanzo haina miujiza. Sensa ya 2022 ilionyesha wastani wa watu 2.74 kwa kaya, kwa hiyo nyumba 1,000 ni watu kama 2,740. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2008 unachukulia kwamba asilimia 12 hivi ya watu wana umri wa shule ya msingi. Unapata watoto 330. Shule ya msingi ya Ayalandi ina madarasa nane, mtoto akianza na miaka minne au mitano, basi kila mwaka wanaingia watoto 41. Ni wengi mno kwa mkondo mmoja, na kwa mikondo miwili wanapungua kidogo. (Nyumba za chumba kimoja huwa tunaziondoa kwenye hesabu. Kwa kodi za Dublin zilivyo, nimeshaona familia ya watu wanne ndani ya chumba kimoja, na siku hizi naziondoa kwa shingo upande.)

Tatizo ni kwamba mtaa mpya haufuati wastani. Wanaohamia ni vijana wanaoanza maisha, kwa hiyo watoto wadogo wanafurika kwa pamoja, kisha wimbi hilo linasogea hadi sekondari na madarasa ya chini yanapwaya. Ukichelewa, unaumbuka. Mwaka 2007 mji wa Balbriggan, kaskazini mwa Dublin, ulikuwa umekua kuliko shule zake. Shule ya dharura ikafunguliwa Septemba, na karibu wanafunzi wake wote walikuwa weusi, watoto wa wahamiaji waliokuta nafasi kwingine zimekwisha. Shule za Kikatoliki, ambazo ndizo nyingi, zilikuwa zikiwapa kipaumbele waliobatizwa. Kule Adamstown, magharibi mwa jiji, mpango wa 2003 ulikuwa umeshafunga mlango huo mapema: ujenzi uligawanywa kwa awamu, na nyumba za awamu inayofuata zilisubiri huduma kama shule na stesheni ya treni.

Sasa tuje kwenye lugha. Gaelscoil ni shule inayofundisha masomo yote kwa Kiayalandi, hata hesabu, isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe, ingawa watoto wengi nyumbani wanaongea Kiingereza. Ukiacha Gaeltacht, yaani maeneo ambako Kiayalandi bado ni lugha ya jamii, mengi yakiwa pwani ya magharibi, mwaka 1972 Jamhuri ya Ayalandi ilikuwa na shule za msingi 11 tu za aina hii. Leo zimezidi 140, na nyingi zilianzishwa kwa msukumo wa wazazi.

Wizara ya Elimu imeigawa nchi katika maeneo 314 ya kupangia shule. Eneo likionekana linahitaji shule mpya, wazazi wanaulizwa kwa njia ya mtandao mambo mawili: wanataka mlezi gani, yaani taasisi itakayobeba maadili ya shule hiyo, na wanataka lugha gani. Utaratibu huo unaonekana wa haki. Lakini turudi kwa wale watoto 41. Tuseme wazazi wa watoto 10 wanataka Kiayalandi. Kumi hawatoshi darasa, kwa hiyo shule inakuwa ya Kiingereza, na hakuna aliyeonewa. Maeneo matatu jirani nayo yana kumi kumi. Jumla ni watoto 40 kila mwaka, mkondo mmoja unaofurika, ila kwenye makaratasi manne tofauti kila eneo limesoma sifuri. Mzazi wa Gaelscoil, kwa uzoefu wangu, hupita shule mbili tatu akielekea anayoitaka. Mpaka uliochorwa kwenye ramani haumzuii yeye, unaizuia hesabu yetu. Ndiyo maana naona mahitaji ya lugha yapimwe kwa kuunganisha maeneo jirani, na kiwanja kitafutwe mpakani, karibu na basi, kuliko katikati ya mtaa mmoja.

Na kura hiyo wanapiga waliopo. Nyumba ambayo bado ni msingi na nondo haina mpiga kura.

Kuna na suala la wakati. Shule mpya huanza na darasa la chini kabisa na kuongeza darasa moja kila mwaka. Kwa Gaelscoil mtindo huu unafaa sana, kwa sababu mtoto anatumbukizwa katika lugha tangu siku ya kwanza, na kusoma kwa Kiingereza kunaweza kuja baadaye. Mtoto wa miaka tisa kutoka shule ya Kiingereza ni vigumu kumwingiza katikati. Kwa hiyo Gaelscoil ikifunguliwa miaka mitano baada ya jirani yake, hairithi wimbi lile, inaokota mkia.

Linalonigusa zaidi ni sekondari. Mimi nilisoma msingi kwa Kiswahili, nikafika kidato cha kwanza nikakuta biolojia kwa Kiingereza. Najua maana ya mtoto mwenye akili kukaa kimya mwaka mzima. Hapa watoto wote wanajua Kiingereza, kwa hiyo hawanyamazi hivyo, lakini miaka minane ya Kiayalandi inaanza kuyeyuka kama hakuna Gaelcholáiste, sekondari ya lugha hiyo, ya kuwapokea. Mbadala unaotolewa mara nyingi ni aonad, kitengo cha Kiayalandi ndani ya sekondari ya Kiingereza. Ni nafuu, na kwa mji mdogo naukubali. Tabu yake ni kwamba darasa linakuwa la Kiayalandi, uwanja na korido vinakuwa vya Kiingereza, na mwalimu wa fizikia anayejua lugha hiyo akihama, somo linahama lugha siku hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo, ramani ya mtaa mpya ikitua mezani kwangu, kabla ya kugusa Gaelscoil yenyewe naangalia watoto wake wataelekea wapi wakifika miaka 12. Kama pale hakuna kitu, naandika pembeni kwa kalamu nyekundu, na kiwanja cha sekondari nakiomba mwaka huohuo, kabla bei ya ardhi haijapanda.