Kunyanyua Vyuma na Kupunguza Mafuta Mwilini: Maswali na Majibu

Je, kunyanyua vyuma kunapunguza mafuta kweli, au ni kukimbia tu?

Mafuta hupungua pale mwili unapotumia nishati nyingi kuliko ile inayoingia kwa chakula, na kanuni hiyo haibadiliki, uwe unakimbia, unanyanyua vyuma au unapanda ngazi. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700, na tukihesabu dakika kwa dakika, mkimbiaji hutumia nishati nyingi kumzidi mnyanyuaji, ambaye sehemu kubwa ya muda wake huwa anapumzika kati ya seti (fungu la marudio ya zoezi) moja na nyingine. Kwa hiyo anayeyanadi mazoezi ya vyuma kana kwamba ni tanuri la kuyeyushia mafuta anatia chumvi.

Faida yake kubwa iko kwingine: mazoezi haya huchangia kuamua kile kinachopungua. Mtu anayepunguza chakula bila kufanya mazoezi hupoteza mafuta, lakini hupoteza na misuli pia, na mara nyingi takriban robo ya uzito uliopungua huwa si mafuta. Mwili unaopata chakula kidogo hauna haja ya kugharimia misuli isiyo na kazi. Ile inayobebeshwa mzigo kila wiki huachwa ibaki, na upungufu wa nishati hujazwa zaidi kutoka kwenye akiba ya mafuta.

Inasemekana misuli huchoma mafuta hata mtu akiwa amelala. Ni kweli?

Ni kweli, ila kiasi chenyewe hukuzwa mno. Kilo 1 ya misuli iliyotulia hutumia takriban kilokalori 13 kwa siku, na kilo 1 ya mafuta hutumia kama 4.5. Mtu aliyeongeza kilo 2 za misuli, kazi inayoweza kumchukua miezi mingi, atakuwa amejiongezea matumizi ya kilokalori 26 kwa siku, ambazo hazifiki hata vijiko viwili vidogo vya sukari. Sababu nzito zaidi ya kutunza misuli ni kwamba ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari inayotoka kwenye damu baada ya mlo, na misuli iliyozoeshwa kazi huiitikia vizuri zaidi insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Isitoshe, kuanzia miaka 30 hivi mtu asiyefanya mazoezi huanza kupoteza misuli taratibu, na kila anapopunguza uzito kwa njaa peke yake huuharakisha upotevu huo.

Ni wiki ya tatu sasa, nguo zinalegea, lakini mizani haishuki. Ninakosea wapi?

Huenda hukosei popote. Mizani hupima kila kitu kwa pamoja: mifupa, maji, chakula kilichomo tumboni, misuli na mafuta. Misuli iliyoanza kufanya kazi ngumu huweka akiba zaidi ya wanga iitwayo glikojeni, na kila gramu 1 ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Maumivu yale ya siku ya pili baada ya mazoezi nayo huambatana na uvimbe mdogo unaoshikilia maji. Hivyo mtu anaweza kupoteza kilo nzima ya mafuta na mizani isimpe habari yoyote.

Kwa maoni yangu, utepe wa fundi cherehani unasema ukweli zaidi. Simama wima asubuhi kabla ya kula, papasa ubavu wa mwisho kwa chini, kisha papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na uzungushe utepe katikati ya sehemu hizo mbili. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, usiukaze utepe hadi ukaacha alama, halafu soma. Shirika la Afya Duniani huchukulia kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake kuwa dalili ya hatari iliyoongezeka ya maradhi, ingawa kwa baadhi ya jamii viwango huwekwa chini ya hapo. Pima mara moja kila wiki mbili. Anayepima kila siku hujisumbua bure.

Je, mazoezi ya tumbo yataondoa kitambi?

Yataimarisha misuli iliyo chini ya kitambi, lakini misuli hiyo haichoti mafuta yaliyoilalia juu. Mafuta husafirishwa kwa damu kutoka akiba za mwili mzima, na urithi, jinsia na homoni ndivyo huamua yaanze kupungua wapi. Jambo linalowashangaza wengi ni njia yanayotokea: katika kilo 10 za mafuta yaliyotumika, takriban kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kabonidioksaidi, na zinazobaki huwa maji. Anayejifunga nailoni tumboni ili atokwe na jasho hupoteza maji tu, nayo hurudi kwa bilauri ya kwanza.

Je, mwanamke atajaa misuli kama mwanamume?

Hapana. Testosteroni, homoni inayosukuma misuli kukua, ni kidogo sana kwake, na hata kwa wanaume misuli mikubwa huja kwa miaka ya bidii.

Nianze vipi, na nile nini?

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inashauri mazoezi ya misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki. Anza na kiti: simama ukikipa mgongo, miguu ikiwa upana wa mabega, rudisha makalio nyuma na ushuke taratibu hadi uguse kiti bila kukikalia, kisha inuka huku ukitoa pumzi. Zoezi la kurudia mara 8 hadi 12 linafaa ikiwa marudio mawili ya mwisho ni magumu. Yakishakuwa rahisi, ongeza mzigo kidogo. Usibane pumzi, kwani kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Kuhusu chakula, punguza kiasi bila kujinyima kupita kiasi, na usipunguze protini. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku hutosha wengi, yaani gramu 84 hadi 112 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina takriban gramu 6. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Ni nani anayepaswa kumwona daktari kwanza?

Ni mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au ngiri, pamoja na mjamzito. Kwa yeyote yule, maumivu ya kifua ni amri ya kuacha zoezi papo hapo, na misuli inayouma kupita kawaida pamoja na mkojo wenye rangi ya chai nzito ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa misuli iliyovunjika sana huweza kuziumiza figo.