Makohozi safi, TB ipo

Mgonjwa mwenye VVU akirudi kliniki na majibu ya maabara kwamba makohozi yake hayana vimelea vya TB, wengi hushusha pumzi. Mimi nauliza kwanza: CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu, ngapi?

Yale matundu tunayoyaona kwenye picha ya mapafu hayachimbwi na bakteria peke yao. Kinga ya mwili ikipambana nao ndiyo inayobomoa pafu, na humo kwenye matundu ndimo bakteria wanamojazana na kutoka na makohozi. CD4 zikishuka chini ya 200, pambano linakuwa hafifu. Matundu ni nadra, kikohozi kidogo au hakuna, eksirei inaweza kutoka safi kabisa, huku bakteria wakisambaa kwenye tezi, ini, wengu, hata utando wa ubongo. Mtu anakwambia, "Daktari, mimi sikohoi, nimekonda tu," kumbe TB imemwenea mwili mzima.

Hadubini huhitaji takriban bakteria 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi ndipo waonekane. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB, ambayo WHO iliipitisha mwishoni mwa 2010, ilishusha kiwango hicho hadi 130 hivi, na katriji yake mpya zaidi, Ultra, hadi 16 hivi. Hatua kubwa, sibishi. Ila asiyekohoa utampa kikopo, naye atakurudishia mate.

Kwa hiyo naomba mkojo. Kipimo cha LAM hutafuta kipande cha ukuta wa bakteria wa TB kinachotoka na mkojo. Unadondosha mikrolita 60 kwenye utepe, unasubiri dakika 25, kisha unalinganisha mstari na kadi yake. Fanya hivyo penye mwanga mzuri, maana mstari mara nyingi ni hafifu, na ukipitisha dakika 35 usisome tena. Kinachonifurahisha ni kwamba CD4 zinavyozidi kushuka, ndivyo kinavyozidi kuinasa TB, kinyume kabisa na makohozi. Utafiti uliochapishwa 2016, uliofanyika katika hospitali za Tanzania, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini, ulikuta kati ya wagonjwa wa VVU waliolazwa wakishukiwa kuwa na TB, waliofariki ndani ya wiki 8 walikuwa asilimia 21 kwa waliopimwa LAM na 25 kwa wasiopimwa. Kwa utepe wa karatasi! Halafu unaukuta umelala kabatini wodini.

LAM ikiwa hasi, TB haijafutika. Ikiwa chanya, anza dawa, lakini haisemi kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, hivyo makohozi yakipatikana bado yaende GeneXpert. Yakikosekana, mashine hiyo hupokea pia majimaji ya tezi, maji ya uti wa mgongo, na kwa watoto kinyesi.

Mtaani utasikia kwamba ARV "zimemletea TB". Mara nyingi ilikuwepo: kinga inapoamka, homa inapanda na tezi zinavimba ndani ya wiki chache. Ndiyo maana kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito tunaviulizia kabla ya kuanza ARV na kila hudhurio. TB ikipatikana, dawa zake hutangulia, ARV zikafuata ndani ya wiki mbili. Isipokuwa TB ya utando wa ubongo: hapo ARV husubiri wiki 4 hadi 8.