Sentensi moja na chanzo chake: kuanza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili ukiwa Lamu

Wikipedia ya Kiswahili, inayojiita kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Leo ina makala zaidi ya 80,000, na nyingi ni fupi mno: mistari mitatu minne, kisha chini yake alama ya "mbegu", yaani ukurasa uliopandwa unaongoja mtu wa kuukuza. Hakuna anayelipwa mshahara kuziandika. Karibu kila ukurasa una kitufe cha Hariri, na yeyote mwenye simu na bando anaweza kukibonyeza, awe Mkomani, Langoni, Faza au Mpeketoni.

Wanaokata tamaa mapema mara nyingi huwa wameanzia pabaya. Mtu amefungua ukurasa mpya kuhusu babu yake aliyekuwa nahodha hodari, ameandika usiku kucha, na kabla ya magharibi ya siku ya pili ukurasa umefutwa. Si kwamba babu hakuwa nahodha. Kamusi elezo haikuulizi unajua nini. Inakuuliza jambo hilo limechapishwa wapi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mhariri mpya isiwe ukurasa mpya. Iwe sentensi moja, yenye chanzo chake, ndani ya makala iliyokwishakuwepo.

Akaunti na vikwazo vyake

Kurasa nyingi huweza kuhaririwa bila akaunti, lakini jisajili. Ni bure, ni kazi ya dakika chache, na akaunti hiyo moja hutumika kwenye Wikipedia za lugha zote, kwenye Wikamusi, kwenye Wikidata na kwenye hazina ya picha ya Wikimedia Commons. Jina la mtumiaji si lazima liwe jina lako halisi. Aghalabu ni afadhali lisiwe, maana kila badiliko utakalofanya litabaki wazi chini ya jina hilo miaka na miaka. Lisiwe jina la hoteli, chama wala ofisi, kwa kuwa akaunti ni ya mtu mmoja na majina ya biashara hufungiwa. Barua pepe si sharti, ila usipoiweka na siku moja ukasahau neno la siri, usitarajie kurudishiwa akaunti.

Mwalimu anayetaka kufundisha watu ishirini katika ukumbi mmoja ajue jambo ambalo hugunduliwa siku yenyewe, watu wameshakaa: kwa kawaida mfumo huruhusu akaunti sita tu kufunguliwa kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao. Wote wakitumia Wi-Fi moja, wa saba atakataliwa, na wa nane, na asubuhi itakwenda hivyo. Dawa yake ni kila mtu kujisajili kwao siku moja kabla.

Data ya simu nayo ina lake. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya mtandao. Mhuni mmoja akichafua kurasa na anwani ikafungiwa, wasio na hatia hufungiwa pamoja naye. Ukiona ujumbe wa kufungiwa kabla hujaandika hata neno, usione umetuhumiwa. Usome, kwa sababu hueleza chanzo cha kizuizi na namna ya kuomba ruhusa, kisha jaribu mtandao mwingine.

Badiliko la kwanza

Fanyia majaribio kwenye ukurasa wa mazoezi, ambao wahariri huuita sanduku la mchanga (kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, lingekuwa la mtanga). Humo hakuna unachoweza kuharibu. Kuna njia mbili za kuandika: Hariri, inayoonyesha ukurasa kama utakavyosomwa, na Hariri chanzo, inayoonyesha alama zake. Njia ya kwanza ni nyepesi, lakini jifunze alama chache za ya pili, kwani ndizo zitakazokuokoa jedwali au kiungo kinapovurugika:

[[Shela]] hutengeneza kiungo cha kwenda makala ya Shela.
[[Kaunti ya Lamu|kaunti]] huonyesha neno "kaunti" lakini hupeleka msomaji kwenye Kaunti ya Lamu.
== Historia == ni kichwa cha sehemu.
<ref>mwandishi au taasisi, jina la chapisho, mwaka, ukurasa</ref> ni tanbihi ya chanzo, na huwekwa mara baada ya sentensi inayohusika.
[[Jamii:Kaunti ya Lamu]] huwekwa mwisho kabisa, ili ukurasa uorodheshwe pamoja na wenzake.

Viungo visidharauliwe. Hufanya kazi ya wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia na kuunganisha nyumba mbili. (Neno wiki lenyewe halikutoka kwetu, ni la Kihawaii, maana yake upesi.) Ukurasa usiofikiwa na kiungo chochote ni yatima: upo, lakini haupitiwi na mtu.

Sasa tuseme umechagua idadi ya wakazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu. Hapo ndipo kosa la kawaida kuliko yote linapongoja. Lamu ni mji, ni kisiwa, ni funguvisiwa, na tena ni kaunti, na kaunti hiyo inachukua Witu, Hindi na Mpeketoni zilizo bara. Ukiichukua 143,920 ukaiweka kwenye ukurasa wa mji, umeujaza mji watu wa bara yote na visiwa vyote. Hakikisha kwanza uko ukurasa upi. Andika: "Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ilikuwa na wakazi 143,920." Usiandike "ina wakazi", maana idadi bila mwaka huanza kuoza siku ile ile. Weka tanbihi ya ripoti ya Shirika la Taifa la Takwimu, na jina la ripoti liache katika lugha iliyochapishwa. Kwenye kisanduku cha muhtasari eleza ulichofanya: "nimeongeza sensa ya 2019 na chanzo". Kisha chapisha.

Kisanduku hicho cha muhtasari wengi hukiruka. Wanaopitia mabadiliko ya karibuni hukisoma kabla ya kitu kingine, na badiliko la mgeni lisilo na maelezo ndilo la kwanza kutiliwa shaka.

Chanzo ni kipi, na kipi si chanzo

Hapa ndipo Lamu ina ugumu wake wa peke yake, na hakuna haja ya kuupamba. Sehemu kubwa ya ujuzi wa mji huu haimo vitabuni. Fundi wa vyombo wa Matondoni anajua mkuku (uti wa chini wa chombo) unalazwa vipi, mataruma (mbavu zake) yanachongwa kwa mti gani, kalafati ya kuziba mianya ya mbao inapigwa lini. Bibi wa Mkomani anajua nyumba ipi ilikuwa ya nani. Wikipedia haipokei kauli zao moja kwa moja, hata wakiwa sahihi kuliko profesa, kwa sababu msomaji wa Bukoba au Bujumbura hana njia ya kuzihakikisha. Unaweza kuliona jambo hili kuwa dhuluma kwa jamii zilizohifadhi elimu yake kwa ulimi. Lina ukweli. Lakini kanuni ndiyo hiyo, na kubishana nayo ndani ya makala hakujamsaidia mhariri yeyote.

Linalowezekana ni kutafuta aliyekwishaandika. Usanifu wa nyumba za Lamu, pamoja na daka (ukumbi wa mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), msana (ukumbi mrefu unaoelekea kiwanda) na zidaka (vishubaka vya ukutani), ulichunguzwa kwa kina na Usam Ghaidan katika miaka ya 1970. Mabaharia na vyombo vya Lamu vilichunguzwa na A.H.J. Prins, na utafiti wake ukachapishwa 1965. Nyaraka za UNESCO kuhusu Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zinasomwa bure mtandaoni. Vivyo hivyo ripoti za sensa, hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi la Serikali. Machapisho ya Makumbusho ya Taifa na tasnifu za vyuo vikuu hufaa pia. Kitabu cha karatasi ni chanzo halali sawasawa na tovuti. Sharti ni kutaja ukurasa. Chanzo cha Kiingereza au Kiarabu nacho kinakubalika, ila sentensi yako iwe ya Kiswahili.

Kurasa za nyumba za wageni, matangazo ya utalii, Facebook, ujumbe uliosambazwa WhatsApp, na makala nyingine ya Wikipedia si vyanzo. Hilo la mwisho huwashangaza watu: Wikipedia haijishuhudii yenyewe. Ukikuta habari nzuri kwenye ile ya Kiingereza, fuata tanbihi yake mpaka chapisho la asili, lisome, ndipo ulitaje.

Vyanzo vikipingana, usijifanye kadhi. Vita vya Shela, baina ya watu wa Lamu kwa upande mmoja na Pate na Mazrui wa Mombasa kwa upande wa pili, wengine huviweka 1812 na wengine 1813. Taja miaka yote miwili, kila mmoja na chanzo chake.

Kuandika kwa maneno yako

Kunakili aya ya tovuti na kubadilisha maneno mawili ni kuvunja hakimiliki, na ukurasa wa namna hiyo hufutwa bila mjadala. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kuyatumia tena, hata kwa biashara, maadamu ametaja yalikotoka na ametoa kazi yake kwa leseni hiyo hiyo. Huwezi kukigawa kisicho chako. Soma chanzo, kifunge, andika ulichoelewa, kisha kifungue uhakiki namba na majina.

Kutafsiri makala kutoka lugha nyingine kunaruhusiwa, ila muhtasari useme imetafsiriwa kutoka wapi. Mashine ya kutafsiri isiachiwe kazi peke yake. Itakuandikia "pepo za monsuni" mahali ambapo kila mvuvi husema kaskazi na kusi, na jahazi, dau, mashua na mtepe itavifanya vyote "boti". Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Ukiuita boti umeufuta. Lugha ya makala ni Kiswahili sanifu, lakini jina la kitu cha Lamu lisalie la Kiamu, na maana yake ielezwe mara moja linapotajwa mwanzo.

Sifa ziachwe mlangoni. "Mji mzuri wenye wakazi wakarimu" itaondolewa, na ni haki iondolewe. Kwenye mambo yenye ubishi ndipo kipimo hasa. Ujenzi wa bandari ya Lamu uligusa riziki ya wavuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Andika nani alidai nini, mahakama ikaamua nini, rufaa ikafuata wapi, kila kauli na chanzo chake. Usiandike "dhuluma" wala "maendeleo" kwa sauti yako mwenyewe. Msomaji aliyepewa mambo yalivyo atajua aweke neno gani.

Biashara yako, mwajiri wako, jamaa zako na mgombea unayempigia kampeni ni makala za watu wengine kuziandika. Ukiona kosa humo, lieleze kwenye ukurasa wa Majadiliano na uombe lirekebishwe. Anayelipwa kuhariri analazimika na masharti ya matumizi kumtaja anayemlipa.

Picha kwa ufupi: pakia Commons ulizopiga mwenyewe tu. Ipe faili jina linaloeleza, kama "Mlango wa nakshi, Mkomani, Lamu, 2025", si namba za kamera. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye simu ikiwa umepiga ndani ya nyumba ya mtu, la sivyo faili itachukua ramani ya mlango wake. Watu wanaotambulikana waombe idhini, na wakikataa, hilo ndilo jibu.

Badiliko likirudishwa nyuma

Litarudishwa, mapema au baadaye. Fungua Historia ya ukurasa: kila toleo limo, na hapo utaona nani aliondoa na alitoa sababu gani. Usilirejeshe papo hapo. Kuvutana huku na huku huishia akaunti kufungiwa. Nenda Majadiliano, uliza kwa utulivu, malizia na alama ~~~~, ambazo mfumo huzigeuza kuwa jina lako na saa. Mara nyingi jibu ni "chanzo hakitoshi", na kazi yako haijapotea, imo kwenye Historia ikingoja chanzo bora. Ukurasa mzima uliofutwa ni tofauti kidogo: huo wasimamizi tu, wanaoitwa wakabidhi, ndio wanaoweza kuuona, kwa hiyo waombe nakala.

Ukishafanya mabadiliko ishirini thelathini yaliyosimama, ndipo ufikirie makala mpya, na uwe na vyanzo viwili vitatu vinavyoizungumza mada yako kwa kina, visivyotoka kwa mhusika mwenyewe. Kila ukurasa uliougusa uweke kwenye orodha ya maangalizi kwa kubonyeza nyota, upate kujua ukibadilishwa. Wa kaunti hasa usiutoe. Sensa ya Kenya hufanywa kila miaka kumi, na ile namba uliyoiweka itahitaji mwenziwe.