Ivy League, Big Ten na heshima ya utafiti: yanayosadikiwa na yalivyo

Kijana wa mbio ndefu akipata ufadhili wa masomo Marekani, swali la kwanza nyumbani huwa ni kuhusu chuo chenyewe: ni kizuri? Mara nyingi jibu linatolewa kwa jina la ligi. "Kiko Big Ten," au "kiko SEC," na wazee wanatikisa vichwa kana kwamba wamesomewa matokeo ya mtihani. Ligi za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani kweli zina uhusiano na heshima ya kitaaluma, hasa ya utafiti, ila uhusiano huo si ule unaosimuliwa.

"Ivy League ni orodha ya vyuo bora kabisa vya Marekani"

Hii ndiyo mama wa nyingine zote. Ivy League ni ligi ya michezo. Vyuo vinane, yaani Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth, Harvard, Pennsylvania, Princeton na Yale, viliandikiana makubaliano ya futiboli ya Kimarekani mwaka 1945, kisha mwaka 1954 vikayapanua yahusu michezo yote. Kiini cha makubaliano kilikuwa kujizuia: mwanafunzi asilipiwe ada kwa sababu anakimbia au anarusha mpira. Hadi leo hawatoi ufadhili wa michezo. Sifa ya kitaaluma walikuwa nayo kabla ya hapo, baadhi yao kwa karne na zaidi, ligi iliikuta. MIT na Stanford havimo katika ligi hiyo, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayedhani vimepungukiwa na kitu.

Klabu halisi ya vyuo vya utafiti ni nyingine kabisa, nayo haina timu: Umoja wa Vyuo Vikuu vya Marekani, unaojulikana kwa herufi tatu, AAU. Ulianzishwa mwaka 1900 na vyuo 14. Leo una wanachama 71, wawili kati yao wakiwa wa Kanada, McGill na Toronto. Huombi kuingia, unaalikwa. Wanachotazama ni fedha za utafiti za serikali kuu zinazopatikana kwa kushindania, idadi ya wahadhiri walio katika akademia za kitaifa, tuzo, na jinsi machapisho yanavyonukuliwa na wengine. Dartmouth, pamoja na ukongwe wake ndani ya Ivy League, ilialikwa mwaka 2019 tu.

"Big Ten haipokei chuo kisicho mwanachama wa AAU"

Hapa kuna ukweli ndani ya uongo, ndiyo maana dhana hii ni ngumu kuing'oa. Big Ten sasa ina vyuo 18 (jina halijawahi kujali hesabu), na 17 ni wanachama wa AAU. Vyote vilivyoingia tangu Penn State mwaka 1990 vilikuwa na uanachama huo siku vilipoalikwa. Mtu akitazama mfululizo huo atasema ni sheria.

Lakini turudi nyuma. Michigan State ilikubaliwa Big Ten mwaka 1949, na AAU ikaialika mwaka 1964. Miaka 15 ilikaa na wakubwa bila cheti hicho. Halafu kuna Notre Dame. Mwaka 1999 Big Ten ilifanya nayo mazungumzo mazito ya kujiunga, wakati chuo hicho cha Kikatoliki hakikuwa AAU wala hakikukaribia. AAU kiliingia mwaka 2023. Baraza la wahadhiri la Notre Dame lilipendelea kujiunga, kwa sababu waliona faida ya kitaaluma. Bodi ya chuo ikakataa. Ilitaka futiboli yake ibaki huru, na televisheni ya NBC ilikuwa tayari inalipa ili kuonyesha mechi zake za nyumbani. Kwa hiyo aliyekosa sifa ya utafiti ndiye aliyebembelezwa, na ndiye aliyekataa. Jina kubwa la futiboli lilikuwa limelegeza kile kinachoitwa sheria.

Kisa cha Nebraska ndicho kinachosimuliwa zaidi, na kwa haki. Chuo hicho kilikuwa mwanachama wa AAU tangu 1909. Juni 2010 kikaalikwa Big Ten, kikajiandaa kuhama Julai 2011. Katikati ya safari hiyo, mwishoni mwa Aprili 2011, wanachama wa AAU wakapiga kura na kukiondoa. Fikiria aibu yake: unahamia mtaa wa watu wenye shahada fulani, na wiki chache kabla ya kushusha mizigo shahada yako inafutwa. Tena marais wa vyuo vya Big Ten walikuwa miongoni mwa wapiga kura.

Sababu zenyewe zilihusu namna ya kuhesabu. Chuo cha tiba cha Nebraska kiko Omaha, chini ya utawala wake chenyewe, kwa hiyo fedha zake za utafiti hazikuhesabiwa kwa kampasi kuu ya Lincoln. Na Nebraska ni chuo cha kilimo tangu asili. Fedha nyingi za utafiti wa kilimo hugawiwa na serikali kwa kanuni, hazishindaniwi, na AAU haizipi uzito. Ukiniuliza, hapo ndipo penye hoja nzito kuliko michezo yote hii: mtafiti wa mtama au wa ng'ombe wa maziwa anaonekana mdogo kuliko mtafiti wa saratani kwa sababu ya mfereji uliopitisha fedha, wala si kwa ubora wa kazi yake. Sisi tunaotoka nchi za wakulima tungepaswa kulisikia hilo kwa sikio la tatu.

Mkuu wa chuo wakati huo, Harvey Perlman, alisema bila kuzunguka kwamba anatilia shaka kama wangekubaliwa Big Ten laiti wasingekuwa AAU walipoomba. Hata hivyo Big Ten haikukifukuza chuo chake. Nebraska ipo humo mpaka leo, pekee isiyo na cheti. Kwa hiyo ni desturi nzito ya kuingilia, si kanuni ya kubakia.

"Makocha na wakurugenzi wa michezo ndio wanaoamua nani aingie"

Wanashauri, wananong'ona, wanavujisha habari. Wanaopiga kura ni marais wa vyuo. Big Ten yenyewe ilianza hivyo: marais wa vyuo vya eneo la katikati ya Marekani walikutana Chicago mwaka 1895, na mwaka uliofuata ligi ikaundwa ikiwa chini ya wawakilishi wa wahadhiri. Bila kulijua hili huwezi kuelewa kwa nini utafiti unatajwa kabisa katika mambo ya mpira. Rais wa chuo ana baraza la wahadhiri la kulijibu na wafadhili wa maabara wa kuwashawishi. Hataki kuonekana ameketi meza moja na chuo ambacho wahadhiri wake watakicheka.

"Utafiti ukiwa mkubwa, ligi kubwa itakuita yenyewe"

Jibu liko California. Kiangazi cha 2023 ligi ya Pac-12, iliyokuwa fahari ya magharibi, ilivunjika. UCLA na USC walikuwa wameshatangaza mwaka uliotangulia kwamba wanahamia Big Ten. Agosti Big Ten ikachukua na Washington na Oregon. Arizona, Arizona State, Colorado na Utah wakaenda Big 12. Waliobaki wamesimama mlangoni ni pamoja na Stanford na California ya Berkeley.

Hebu tazama majina hayo mawili. Vyote ni waasisi wa AAU, tangu 1900. Washindi wa tuzo ya Nobel waliopita hapo wangejaza ukumbi. Stanford pia imetwaa mataji mengi ya timu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuliko chuo kingine chochote, kuanzia kuogelea hadi tenisi. Kama heshima ya utafiti ndiyo ingekuwa injini, hivi vingechukuliwa kabla ya Oregon, ambayo kiutafiti ni ndogo kuliko vyote viwili. Oregon ilichukuliwa kwa sababu futiboli yake inatazamwa.

Stanford na Berkeley zikaangukia ACC, ligi ambayo jina lake linataja pwani ya Atlantiki, zenyewe zikiwa upande wa Pasifiki. Mwanafunzi wa Stanford akienda kucheza na Boston College anavuka zaidi ya kilomita 4,000. Na zilikubali kuanza kwa kupokea sehemu tu ya mgawo wa fedha za televisheni unaopata mwanachama wa kawaida, takriban asilimia 30. Pamoja nazo iliingia SMU ya Dallas, ambayo si AAU. Hiyo iliahidi kukaa miaka tisa bila kuchukua mgawo huo, kwa kuwa ina matajiri wa kuziba pengo.

Fedha hizo si za sambusa. Mwaka 2022 Big Ten ilitangaza mikataba na Fox, CBS na NBC iliyoripotiwa kuzidi dola bilioni 7 kwa miaka saba. Rutgers na Maryland zilipoingia mwaka 2014, vitabu vya takwimu za futiboli yao havikumtisha mtu. Kilichovutia ni kaya za majiji ya New York na Washington zenye televisheni, kwa kuwa ligi ilikuwa na chaneli yake tangu 2007. Zote mbili ni AAU, naam, na hilo lilirahisisha hotuba za kuwakaribisha.

Ninavyoona mimi, televisheni ndiyo inayopendekeza majina, na utafiti ndio unaokata baadhi ya majina kwenye orodha. Hata huko kukata kunafanyika zaidi Big Ten. Ligi ya SEC, yenye futiboli kali kuliko zote, ina wanachama 16, na watano tu ni AAU: Florida, Missouri, Texas, Texas A&M na Vanderbilt. Alabama hawamo, nao walibeba ubingwa wa taifa mara sita kati ya msimu wa 2009 na wa 2020. Doris Lemngole wa Kenya alitwaa ubingwa wa NCAA wa mbio za nyika mwaka 2024 akiwa na jezi ya Alabama hiyohiyo.

"Vyuo vya utafiti mkubwa ndivyo vyenye michezo mikubwa"

Hapana. Johns Hopkins hutumia fedha nyingi za utafiti kuliko chuo kingine chochote Marekani, zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, na futiboli yake iko daraja la tatu. Mchezo wake mkubwa ni lakrosi, ambao timu zake zinauchezea ndani ya Big Ten kama wageni waalikwa. Na kuna ligi ya daraja hilo la tatu, UAA, iliyoundwa mwaka 1986, ambayo vyuo vyake vyote vinane ni AAU: Brandeis, Carnegie Mellon, Case Western, Chicago, Emory, New York, Rochester na Washington ya St. Louis. Hiyo ndiyo ligi iliyojengwa kwa kufanana kitaaluma. Watazamaji wake ni wachache na televisheni haina habari nayo.

"Ukijiunga na ligi ya vyuo vya utafiti, fedha za utafiti zinafuata"

Ruzuku za taasisi za serikali zinazofadhili sayansi na tiba, kama NSF na NIH, huamuliwa na wanasayansi wenzako wanaosoma pendekezo lako. Hawaulizi timu yako inacheza na nani Jumamosi.

Kilichopo Big Ten ni kitu cha kando. Mwaka 1958 vyuo vyake viliunda kamati ya ushirikiano wa kitaaluma, ambayo tangu 2016 inaitwa Big Ten Academic Alliance. Wanaazimana vitabu, wananunua kwa pamoja, wanafunzi wa chuo kimoja wanaweza kusoma kozi ya chuo kingine, jambo linalosaidia hasa lugha zenye wanafunzi wachache. (Kadhaa ya vyuo hivi, kama Wisconsin, Indiana na Michigan State, vinafundisha Kiswahili.) Faida ni ya kweli, ila ni ya maktaba na ofisi ya manunuzi.

Na ushahidi kwamba ushirikiano huo hauhitaji mpira ni Chuo Kikuu cha Chicago. Kilikuwa mwasisi wa Big Ten. Mchezaji wake Jay Berwanger alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, ambayo leo inaitwa Heisman, mwaka 1935. Mwaka 1939 rais Robert Hutchins akaifuta futiboli, na mwaka 1946 chuo kikatoka kwenye ligi kabisa. Chini ya jukwaa la magharibi la uwanja uleule uliobaki bila timu, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia tarehe 2 Desemba 1942. Kamati ya ushirikiano ilipoundwa, Chicago ikaingia, ikabaki humo miongo mingi bila kucheza hata mechi moja ya Big Ten.

"Chuo kikiachwa na ligi kubwa, digrii yake imeshuka"

Pac-12 ilipovunjika, wawili waliobaki bila pa kwenda walikuwa Oregon State na Washington State. Hawakuwa AAU, na miji yao haina watazamaji wengi. Watu wakaanza kuviita vyuo vya daraja la pili. Kwa uainishaji wa Carnegie vyote viwili viko R1, ngazi ya juu ya utafiti, ambayo kwa vigezo vya 2025 inadai angalau dola milioni 50 za matumizi ya utafiti na shahada 70 za uzamivu kwa mwaka. Washington State ndiko alikokuwa Henry Rono mwaka 1978, alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Maabara za mifugo na ngano za Pullman, mji wa chuo hicho, zilikuwa na kazi ileile wiki moja kabla ya ligi kuvunjika na wiki moja baada yake.

Tangu hapo wawili hao wameijenga upya Pac-12 kwa kualika Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Texas State, Utah State na Gonzaga, kuanzia Julai 2026. Hakuna hata kimoja kilicho AAU. Gonzaga haina hata timu ya futiboli; imeitwa kwa sababu ya mpira wa kikapu.