Taa ya Breki Imewaka, "Ongeza Tu Mafuta": Dhana Potofu Zinazoua Breki

Mteja anafika na chupa ya mafuta ya breki mkononi. Taa nyekundu iliwaka, akajaza, ikazima. Sasa imewaka tena na anauliza aongeze kiasi gani. Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo tulianze hilo, na tulimalize.

"Taa nyekundu ikiwaka, jaza mafuta"

Breki hazili mafuta. Mfumo wake umefungwa, hakuna kinachoungua humo. Kiwango kwenye kopo la mafuta ya breki kikishuka, sababu ni mbili: pedi zimelika au kuna mahali panavuja.

Pedi mpya ina unene wa karibu mm 10 hadi 12. Inavyolika, pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) inasogea nje kidogo kidogo, na nafasi inayoachwa nyuma yake inajazwa na mafuta kutoka kwenye kopo. Kopo linashuka kwa miezi mingi bila tone kuanguka chini, hadi boya lililomo ndani linaposhtua swichi. Mwanzoni taa inapepesa kwenye kona au mteremko tu, mafuta yanapoegemea upande mmoja. Hapo gari linakuambia pedi zimeisha. Ukijaza, umelinyamazisha. Pedi zitaendelea kulika mpaka chuma kikwaruze diski, na diski iliyokuwa nzima itaharibika nayo. Siku ya kufunga pedi mpya, fundi akirudisha pistoni ndani, yale mafuta uliyoongeza yatafurika na kumwagikia bodi. Yanababua rangi, kwa hiyo mwagia maji mengi papo hapo.

Kuvuja ni kubaya zaidi. Kopo likishuka ndani ya siku chache, usiendeshe gari hilo. Tazama upande wa ndani wa kila tairi na mpira wa kila kalipa. Kwenye ngoma za nyuma, inua kwa bisibisi ukingo wa mpira wa vumbi wa silinda ya gurudumu. Mafuta yakitiririka, silinda hiyo imekwisha, na breki shuu (zinazosugua ngoma kwa ndani) zilizolowa hazisafishiki: badilisha za magurudumu yote mawili. Mahali ambapo wengi hawapatazami ni pale masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali) inapoungana na busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu). Mafuta yakivuja hapo yanaingia ndani ya busta, na chini ya gari panabaki pakavu kabisa. Legeza nati za masta, isogeze mbele kidogo bila kukunja mabomba, uangalie kama nyuma yake pamelowa.

Fuata mpangilio huu kila mara. Kwanza hakikisha handibreki imeshuka yote, maana kwenye magari mengi inawasha taa hiyo hiyo. Chomoa waya wa swichi yake, na taa ikizima umepata jibu. Pili soma kiwango cha kopo. Tatu vua magurudumu yote manne upime pedi ya nje na ya ndani. Ya ndani ndiyo mara nyingi inatangulia kuisha, na ndiyo isiyoonekana ukichungulia kupitia kwenye rimu. Chini ya mm 3, badilisha. Nne tafuta uvujaji. Chupa inafunguliwa baada ya hayo yote.

"Mafuta ni mafuta"

Mafuta ya injini, ya gia au ya usukani yanavimbisha mipira ya breki. Fungua mfuniko wa kopo: mpira wake ukiwa umevimba na haukai tena mahali pake, mipira ya masta, kalipa na hosi imeshaguswa, na kusuuza hakutaiokoa. Kila chenye mpira kinabadilishwa. DOT ni daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za glaikoli. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo. Chupa iliyokaa imefunguliwa itupe, kwa sababu glaikoli inavuta unyevu wa hewani: DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi joto 230, lakini ikishabeba maji ya asilimia 3.7 kiwango hicho ni 155. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka 2.

"Pedali inazama, toa upepo"

Upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, unaifanya pedali iwe laini kama sponji, na ukipampu inapanda. Pedali inayokaza kisha inazama taratibu ukiishikilia, huku nje hakuna kinachovuja, ni masta inayopitisha kwa ndani. Utatoa upepo mpaka usiku, haitapona. Na kwenye gari la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali unapotoa upepo. Pedali ikifika sakafuni, mipira ya masta inapita kwenye sehemu yenye kutu ambayo haijawahi kuifikia, inachanika.

"Taa ya ABS ni sensa, nunua nyingine"

ABS ni mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki. Kodi ya hitilafu C0035, inayosomwa kwa mashine, inataja saketi ya sensa ya gurudumu la mbele kushoto. Haijasema sensa imekufa. Kagua waya pale unapojikunja kila usukani unapozungushwa, kutu kwenye plagi, pete inayosomwa na sensa ikiwa na ufa, na beringi mpya iliyofungwa kinyume, upande wa sumaku ukatazama kusiko. Endesha kwa km 20 kwa saa ukisoma kasi ya magurudumu manne kwenye mashine. Lenye kasoro litajitenga lenyewe. Taa ya njano ya ABS peke yake: breki za kawaida zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga. Njano na nyekundu pamoja: mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma huenda nao haupo, na nyuma ikijifunga kwanza gari linazunguka. Egesha.

"Gari likivuta upande, ni alaimenti" (mpangilio wa magurudumu)

Likivuta unapokanyaga breki tu, anza na breki. Gurudumu la upande linakovutia linashika vizuri. Tatizo mara nyingi liko kwenye gurudumu la upande wa pili. Likivuta hata mguu ukiwa nje ya pedali na rimu moja ikachemka, inua gurudumu hilo kwa jeki ulegeze skrubu ya kutolea upepo. Likizunguka huru, presha ilikuwa imenaswa, na hosi iliyoziba kwa ndani ndiyo ya kwanza kushukiwa. Likibaki gumu, pistoni au pini za kalipa zimekwama. Pini zisafishe, uzipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi inavimbisha mipira yake, zinakwama tena.