Ziara ya chuo Ujerumani: ya vijiweni na yalivyo

Kikundi cha wanafunzi kikipata mwaliko wa kutembelea chuo Ulaya, wajuaji hufika kabla ya tiketi. Kuna aliyekwenda, kuna ambaye binamu yake alikwenda, na wote wana uhakika. Hapa nachukua mfano wa Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, ingawa mengi yake yanafanana na vyuo vingine vya umma vya Ujerumani.

"Mwaliko ukishatoka, viza ni muhuri tu."

Mwaliko ni karatasi moja katika rundo. Hata mkienda kama kikundi, kila mmoja anaomba kwa jina lake, anatoa alama zake za vidole, na akiulizwa anakwenda kufanya nini na nani anagharamia, anajibu mwenyewe. Mmoja anaweza kunyimwa na wenzake wote wakapewa. Bima ya safari inatakiwa kufidia matibabu ya angalau yuro 30,000. Maombi ya kawaida hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Ukiamka wiki ya mwisho, umejichongea.

Wengi hulipa pesa wasiyodaiwa. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza ya ziara fupi kwa Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni yuro 90, lakini kanuni za Umoja wa Ulaya zinawasamehe wanafunzi wanaosafiri kwa ajili ya masomo, pamoja na walimu wanaoongozana nao. Msamaha haujileti. Inatakiwa barua ya chuo chako inayothibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi, na mwaliko unaotaja semina, mihadhara au mafunzo mtakayoshiriki. Mwaliko ulioandikwa "matembezi" utahesabiwa matembezi. Mahali ambapo maombi hupitia kampuni ya wakala, malipo ya huduma ya wakala ni habari nyingine.

"Twende mwezi wa nane, tuko likizo."

Hili ndilo kosa linaloharibu ziara nyingi, na huwa halionekani mpaka mmeshafika. Kwenye karatasi, muhula wa kiangazi huko unaanza tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, na wa baridi tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi. Mtu akiona hivyo anasema Agosti iko ndani ya muhula. Iko ndani, ila mihadhara imekwisha tangu Julai. Miezi inayobaki ni ya mitihani, kuandika kazi za muhula na utafiti, na maprofesa wengi wanakuwa safarini. Mtakuta korido tupu, mtapiga picha mbele ya jengo kuu barabara ya Unter den Linden, mtakula, mtarudi.

Mkitaka kukaa darasani na wenzenu, lengeni Mei, Juni, Novemba au Januari. Shida ni kwamba miezi hiyo huku nako vipindi vinaendelea, kwa hiyo kazi ngumu ya ziara ni kuelewana na mkuu wa kitivo chenu mapema, kuliko hata kuelewana na Wajerumani. Kama hakuna njia ila Agosti, badilisheni ziara iwe ya maktaba. Maktaba kuu ya Humboldt, Grimm-Zentrum, inafanya kazi. Koti na begi unafungia kabatini, unaingia na kompyuta na daftari mkononi.

"Kutakuwa na geti na ramani ya kampasi."

Humboldt haina geti kama la Mlimani. Majengo yake yamechanganyika na mji, na idara nyingi za sayansi ziko Adlershof, kusini-mashariki, kama nusu saa kwa treni kutoka katikati. Ratiba inayoweka kikao kimoja huku na kingine kule bila nafasi kati yake imeandikwa na mtu ambaye hajatazama ramani.

"Mgeni mwenye adabu hunyamaza."

Kwetu kumwacha mwalimu amalize ni heshima. Kwenye semina ya Kijerumani, ukimya wa kikundi kizima husomwa kuwa hamkujiandaa. Makala ya kusoma kabla ya kikao hutumwa mapema, na anayeyapokea anategemewa kuja na swali. Si lazima liwe swali la kumshangaza mtu. Tena msishtuke mhadhara ukiisha watu wakigonga meza kwa vifundo vya vidole. Ndiyo makofi yao. Na ratiba ikisema 10 c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo asubuhi. Ikisema 10 s.t., ni saa nne kamili, na hapo hawana mchezo.

"Sisi ndio wa kwanza kutoka pwani kuingia pale."

Mmechelewa zaidi ya miaka mia. Chuo kikuu cha Berlin, ndiyo Humboldt ya leo, kilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki mwaka 1887, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa msaada wa wenyeji wa pwani wenyewe. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha kuanzia 1891. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika mwaka 1900, akaoa Mjerumani, na mwaka 1905 walipojaribu kurudi Afrika Mashariki, utawala wa kikoloni ukawazuia kuingia pamoja kama mume na mke. Alifariki Berlin mwaka 1927. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, naye alifundisha pale kabla ya Wanazi kumkamata; alifia kambi yao ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Jiwe la kumbukumbu yake limewekwa njiani mbele ya Brunnenstraße 193. Kwa maoni yangu, kikundi cha Watanzania kinachofika Berlin bila kupita hapo kimepangiwa vibaya.

"Ukifika, nafasi ya kusoma unaitafutia hukohuko."

Kuulizia unaweza, na uulizie. Kubaki huwezi. Viza ya ziara inaishia siku 90 ndani ya kila siku 180, na kwa Mtanzania haigeuzwi kuwa ya masomo akiwa huko; anarudi nyumbani na kuomba upya. Ada ya masomo kwenye vyuo vya umma vya Berlin karibu haipo, lakini ubalozi utataka uthibitisho wa fedha za kujikimu. Kiwango cha akaunti maalumu ya kuweka fedha hizo kilichopangwa mwaka 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, na unaruhusiwa kutoa yuro 992 tu kila mwezi. Mwenye barua ya ufadhili unaotosheleza, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na wasomi, haihitaji hiyo akaunti.